Msafisha madirisha anayezisaka tramu za Holroyd Bank

Saa mbili asubuhi, Glenys Ackroyd yuko juu ya ngazi. Dirisha la ghorofani la duka la mikate limeshang'aa, lakini hashuki. Anatoa kamera ndani ya koti na kuielekeza kwenye ua la chuma lililopigiliwa kati ya matofali, pana kama sahani, limeota kutu.

"Glenys! Unanisafishia dirisha au unautongoza ukuta wangu?" mwenye duka, Desmond Pickles, anapaza sauti kutoka chini.

"Ukuta wako hausemi ovyo, Des. Ungekuwa mume mzuri!"

Wanaopanga foleni ya mikate wanaangua kicheko. Hapa Holroyd Bank, mtaa wa mlimani jijini Leeds, hakuna asiyemjua mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne na ndoo yake.

Alianza kufuta vioo baada ya kiwanda alichokuwa akishona makoti kufungwa. Nyumba moja humpa pauni kumi na mbili. Mvua ikikaza wiki nzima, na huku hukaza kweli, anarudi mikono mitupu.

Maua yale ya chuma aliyaona kwa sababu ya ngazi.

"Nikaona moja, halafu jingine ng'ambo ya barabara, yamekabiliana. Nikajiuliza, haya yanatazamana nini?"

Jibu alilipata kwa mteja wake, Bi Enid Sugden, mwenye umri wa miaka themanini na saba, aliyekuwa ujanani kondakta wa tramu, yale magari ya umeme yaliyopita mtaani juu ya reli. Maua yale yalishikilia nyaya zilizozipa tramu umeme.

Tangu hapo Glenys hupiga picha kila alama ya tramu anayoikuta: nguzo iliyogeuzwa kuwa ya taa, banda la abiria ambalo sasa linauza samaki na chipsi, kona ya nyumba iliyokatwa ili tramu ipite. Kila Alhamisi humpelekea picha hizo Bi Enid, ambaye miguu ilikuwa imemfungia ndani kwa miaka.

"Hapa ndipo nilipomshusha Walter kwa kukosa nauli," Bi Enid anasema, kidole juu ya picha. "Kesho yake akarudi na nauli na shada la maua. Nikaona huyu ana adabu, nikaolewa naye."

Picha moja tu ilikosekana: ya reli zenyewe. Watu walisema ziling'olewa zamani. Bi Enid alikataa katakata. "Zipo chini ya lami. Pale kwenye kona zilikuwa zinaimba tramu ikipinda."

Machi iliyopita, mafundi wa mabomba ya maji walichimba kwenye kona hiyohiyo. Glenys, akiwa juu ya ngazi, akaona vyuma viwili vimelala sambamba katikati ya mawe.

"Nilishuka kama niliyevamiwa na nyuki!"

Msimamizi wa mafundi, Kuldip Sahota, alimwambia shimo litafukiwa mara baada ya chakula cha mchana. Glenys akapiga picha, akazitazama, moyo ukakataa kutulia. Akaacha ndoo na ngazi palepale, akakimbia kwa Bi Enid.

"Mama, reli zimeonekana! Twende, watazifukia!"

"Na nywele hizi? Mwanangu, umerogwa?"

"Funga kitambaa!"

Desmond alifunga duka, akasukuma kiti cha magurudumu cha Bi Enid mlima mzima, akihema na kulalamika. "Bi Enid, umekula mawe?"

"Nimekula mikate yako. Hakuna tofauti."

Walipofika, mashine ya kushindilia lami ilikuwa inaunguruma kando ya shimo. Kuldip alimtazama mama yule aliyefunga kitambaa kichwani, akainua mkono. Mashine ikazimwa. Mafundi wawili wakalaza ubao, wakamshika Bi Enid kwapani, wakamsimamisha juu ya reli.

Bi Enid aliinama akazitazama. Glenys akahofu amemletea mama wa watu huzuni. Kisha Bi Enid akavuta pumzi, akatoa sauti ya kondakta ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake:

"Shikeni vizuri, jamani, tunapinda!"

Mafundi wote wakashikana mabega, wakalalia upande mmoja. Vicheko na makofi vikalipuka hadi madirishani.

"Nilicheka huku nalia, picha ikatoka imepinda na kichwa cha Des kimekatwa," anasema Glenys. "Siiuzi kwa bei yoyote."

Shimo lilifukiwa jioni hiyo. Sasa Glenys anapanga matembezi ya Agosti: wakazi wafuate njia nzima ya tramu, toka kituo cha kwanza hadi cha mwisho juu kabisa kwenye malisho ya kondoo, picha zake zikiwa zimetundikwa kwenye maduka njia nzima. Kuldip ameshaomba likizo ili asukume kiti.

Bi Enid naye amejinunulia viatu vya kutokea, vyekundu. Ni vya kwanza tangu amzike Walter. Kila siku huvivaa kwa muda wa saa moja, akizunguka jikoni, ili visije vikambana njiani.