Viatu vya Mtu Aliyesema Nakuja

Chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, kabla hajagusa kazi ya mteja mwingine yeyote, fundi viatu anashusha kutoka kwenye rafu jozi ya viatu vyeusi vya kamba. Anavifuta vumbi, anavipaka dawa kidogo, anavirudisha. Mwenyewe hajavifuata kwa miaka thelathini na moja.

Mwenyewe ni mwandishi maarufu, ambaye vitabu vyake leo vinasomwa shuleni. Siku aliyovileta vibadilishwe soli, aliuliza vitakuwa tayari lini, akaambiwa kesho. Akasema, "Haya fundi, nakuja." Kesho yake habari zikaenea kwamba amekimbia nchi kwa sababu ya maandishi yake.

Miezi ikapita. Tarishi akaleta barua kutoka ng'ambo, juu ya bahasha imeandikwa "Fundi viatu, chini ya ngazi", na jina la mtaa. Mwandishi aliomba radhi kwa usumbufu. Alisema huko aliko baridi inaingia mpaka kwenye kucha, na viatu vya huko vinambana. Akamalizia: "Usiviuze. Nakuja." Chini akaweka sahihi, jina zima.

Sheria ya fundi iko ukutani kwa rangi nyekundu: kiatu kisichochukuliwa miezi mitatu kinauzwa. Ameuza vingi.

"Hata vya shemeji yangu niliviuza," anasema. "Mpaka leo ananisalimia kwa pembeni."

Hivi hakuviuza. "Mtu akisema kwaheri, yamekwisha. Akisema nakuja, huyo hajaondoka. Ametoka tu."

Mwaka huu mwenye jengo alipandisha kodi. Fundi, mwenye miaka sitini na tatu na magoti yanayolia kama bawaba, aliambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo au ahame. Mkewe akamshauri ahamie barazani kwao, kivuli kipo na chai iko karibu. Fundi akakataa.

"Yule anaijua ngazi hii tu. Akija akakuta duka la simu, ataniulizia kwa nani?"

Ndipo akatokea mnunuzi wa vitu vya kale, aliyepata fununu za barua. Aliishika kwa glavu, akasikitikia alama ya dole gumba yenye gundi pale kwenye kona. Fundi akamwambia hiyo ni sahihi yake na yeye, wala hamwongezei bei. Mnunuzi hakucheka. Alitaka barua na viatu kwa pamoja, na fundi aandike kwamba viatu vilitelekezwa.

Fundi aliomba nafasi ya kufikiri. Mnunuzi aliporudi, jibu lilikuwa tayari.

"Barua nakuuzia. Aliniandikia mimi, ni yangu. Viatu ni vyake, na hakuna aliyevitelekeza."

Mnunuzi akashusha bei, fundi hakubishana. Kilichopatikana kilikaribia kodi ya mwaka. Kilichopungua mkewe alikitoa kwenye kibubu chake, akinung'unika kwamba hakuambiwa mapema kuwa anaolewa uke wenza na jozi ya viatu.

"Na barua ndiyo hiyo imekwenda," alimwambia. "Siku ukisahau ilisema nini?"

"Neno lenyewe moja, mama watoto. Nitasahau nini?"

Sasa ana mpango wa kubadilisha soli upya. Zile alizoweka zimekauka na kupasuka bila kukanyaga chini hata mara moja. Safari hii ataweka mpira laini wenye meno.

"Mzee yule atakuwa anatembea na mkongojo," anasema. "Na sakafu hii inateleza."

Uzi umemwishia. Anainuka akishika ukuta, anampisha kwenye kiti mama mmoja anayesubiri ndala zake zishonwe.

"Nakuja," anamwambia, na kutoka nje.

Mama anavuta kiti, anakaa.