Sufuria Iliyosuguliwa Makumbushoni

Saa mbili asubuhi, kabla mlango wa makumbusho haujafunguliwa, Mama Usafi amesimama katika chumba cha Jiko la Zamani, kitambaa begani. Leo hafuti kitu. Anamsubiri mwenye sufuria.

Kazi yake ni kusafisha makumbusho haya ya maisha ya kila siku ya watu wa zamani: vitanda vya kamba, pasi za mkaa, vibuyu. Wiki iliyopita, akiwa bado mgeni kazini, aliona sufuria nyeusi tii juu ya mafiga. Roho ikamuuma. Akaibeba hadi uani, akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka ungeweza kujitazama humo ukajifunga kilemba.

"Nilijua nitapongezwa," anasema, akicheka kwa aibu. "Wageni waje wakute masizi? Si watasema hapa hakuna mwanamke!"

Lo! Msimamizi alipoiona alishika kichwa. Masizi yale ndiyo yaliyokuwa maonyesho yenyewe, moshi wa miaka na miaka ya kupikia watoto, na hayauzwi dukani. Mama Usafi akajua amekoroga. Akaambiwa neno la mwisho ni la mwenye chombo: akikiondoa, na kazi imeondoka. Naye anasomesha binti peke yake.

Mwenye chombo ni bibi wa mkongojo, aliyewaletea sufuria hii ya mama yake ionyeshwe. Hajaketi sawasawa, Mama Usafi anayatoa yote.

"Bibi, ni mimi. Nimekuharibia kumbukumbu ya mama yako. Nisamehe."

Bibi anaipakata sufuria, anaigeuza, anainusa. Msimamizi anatazama viatu vyake.

"Mama hakulaza chombo na masizi hata siku moja," bibi anasema hatimaye. "Alipofariki, kila nikiisugua namwona yeye. Nikashindwa, nikaacha masizi yajilundike." Machozi yanamtoka, hayafuti. "Ile niliyowaletea ilikuwa ya msiba wangu, mwanangu. Hii ndiyo sufuria ya mama."

Msimamizi anakohoa, anasema maelezo ya ukutani itabidi yaandikwe upya. Kazi ipo.

Sasa Mama Usafi ana ombi moja tu: bibi aje kila Ijumaa waisugue pamoja, naye amlete binti yake ajifunze.

Bibi anakubali. Kisha anaweka kidole kwenye kitako cha sufuria.

"Ila hapa umeruka. Mama angekurudisha uani."