Mikono Tuliyoomba Ivunjike

Kanisa letu liko ndani kidogo ya barabara ya Ukunda kwenda Msambweni, upande wa mashamba waliyogawiwa wazazi wetu waliotoka bara. Ni mabati juu na mabati ubavuni. Maombi ya mataifa tunayafanya Ijumaa mchana, na sababu si Maandiko, ni kazi. Siku hiyo majirani zetu Waislamu hufunga maduka waende msikitini, na wengi wetu walioajiriwa nao hupata nafasi. Mimi ni dobi katika hoteli moja ya Diani. Nikitoka zamu ya asubuhi huenda moja kwa moja, mikono bado inanuka dawa ya shuka.

Tunasimama duara, tumeshikana mikono. Mzee wa kanisa ndiye anayeanza. Akimaliza kuomba, humbinya mkono jirani yake wa kulia, na zamu inakuwa ya huyo. Asiyetaka kuomba kwa sauti hubinya tu, zamu ikapita, wala hakuna wa kumuuliza. Ikimrudia mzee, yeye hutoa amina ya kufunga, ndipo tunaachiana mikono. Kabla ya amina ile, maombi hayajaisha.

Kongo iliingia katika maombi yetu kwa ajili ya mama mmoja mkimbizi. Alikuwa akishona vitenge kwenye baraza ya duka, karibu na Kona ya Musa, na Jumapili moja akaja kusali kwetu. Mzee alimkaribisha mbele ya watu wote, akasema kuanzia siku hiyo nchi ya dada yetu ni nchi yetu. Alisema kwa moyo mweupe. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Kwenye duara mama huyo alizoea kusimama kushoto kwangu, mkono wake ndani ya wangu. Mzee anajua kuomba. Aliwaombea waliolala porini, waliozalia njiani, watoto waliopotezana na mama zao, hata machozi yanitoke. Kisha sauti ilipanda: "Na wale wanaoshika bunduki, Bwana, wavunje mikono! Jua la kesho lisiwakute!" Kanisa zima likaitikia amina, na mimi nikiwemo. Kila tulipofika hapo mkono wa mgeni ulikuwa ukilegea ndani ya wangu, ukawa kama kitambaa kilicholowa. Zamu ilipomfikia alibinya tu, ikapita.

Watu waliona kwamba haitikii. Siku moja tukifagia, mama mmoja wa kwaya akasema, "Huyu dada wa Kongo amina yake aliisahau mpakani? Sisi tunakauka koo kwa ajili ya nchi yake, yeye kafunga mdomo kama aliyetajiwa bei ya samaki!"

"Pengine Mungu wao anasikia Kifaransa tu," mwingine akasema, na tukacheka. Mimi nilicheka, lakini nikawaza jambo baya zaidi ya mzaha wao. Niliwaza, labda ni wa upande wa wale wenye bunduki. Sikumwambia mtu.

Nikampelekea kitenge anishonee gauni. Ukiniuliza kama nilitaka gauni ama nilitaka kuchungulia, sitajua nikujibu nini. Nilimkuta amesimama kando ya barabara, amemsimamisha kijana wa bodaboda, anampima mabega kwa futi yake ya fundi. Kijana ametanua mikono kama kipanga, wenzake wanamtania.

"Mama Kongo, huyo kila mwezi wampima! Harusi lini?"

"Mshonee na suruali, hiyo yake imeona mengi!"

Kijana naye akasema, "Mama, wanipima mie, shati avaa nani? Mwaka mzima sijaonjeshwa hata kifungo."

Mgeni akacheka nao, akamshukuru, akarudi kwenye cherehani. Ukutani kulikuwa na shati jeupe la mikono mirefu limetundikwa. Akalishusha, akafumua mshono wa ubavuni, akaanza kulitanua. Nikamuuliza ni la nani.

Maneno yake nitayaandika alivyoyasema yeye, maana nikiyanyoosha yatakuwa yangu. "Njo" yake ni "ndio" yetu.

"Ni ya mutoto yangu. Sijue amefika wapi kwa urefu. Ule kijana wa pikipiki njo umuri yake, kwa hiyo minapima yeye."

Nikasema Mungu atamrudisha. Ndilo neno linalokuja mdomoni haraka. Akaendelea kufumua uzi, kisha akanieleza pasipo kuinua kichwa. Mwanawe alichukuliwa na watu wenye silaha, wakitoka shamba yeye na mama yake, kila mmoja na mzigo wake wa mihogo. Mama aliachwa, mtoto akaondoka nao. Baadaye jirani yao aliyekimbilia kambi moja na yeye alimwambia kwamba amemwona mtoto huyo kwenye kizuizi cha barabarani. Yuko hai. Ana bunduki begani.

"Muzee akiomba mikono ivunjike," akasema, "miye minaona mikono ya mutoto yangu. Hiyo mikono niliosha miye. Minajua mpaka kovu ya kisu, alijikata akimenya muhogo." Akashika shati kwa mikono miwili. "Nyiye munashona, munashona Ijumaa yote. Minafika nyumbani, minapiga magoti, minafumua. Ninamwambia Mungu, usisikie wale. Sasa sema, mama. Atasikia nani? Kanisa muzima, ao miye moja?"

Nikamwekea kitenge changu kando ya cherehani. Aliniomba nisimwambie mtu, nikakubali. Njiani nikajikuta nawaza kizuizi kile. Kuna wanawake waliopita hapo na vitoto mgongoni, wakamkuta kijana yule amesimama. Sijui aliwafanyia nini. Pengine aliwaonea huruma akawapitisha, pengine sivyo. Nao wana haki ya kuombewa, na wakiomba mikono yake ivunjike, nani atawakataza? Nilifika nyumbani kichwa kinauma.

Nilimwendea mzee shambani kwake. Alikuwa akifua nazi. Nilimwamkia, nikamuuliza kama si vizuri tuwaombee na hao wenye bunduki, wageuke. Sikutaja mtu.

"Mwanangu," akasema, "ukimkuta nyoka kitandani kwa mtoto wako, utamwombea nyoka?"

"Nyoka hakuzaliwa na mtu, baba."

Akaacha kufua. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Sote tunajua kwamba wakati wa zile fujo, sisi watu wa bara tulipoambiwa turudi kwetu, ndugu wa mzee wetu alikatwa mapanga hapo hapo shambani, nje ya nyumba. Mzee mwenyewe alifichwa na jirani Mdigo, mwenyeji wa huku, chini ya makuti, na hilo nalo halisahau.

"Aliyemuua ndugu yangu, mama yake namjua," akasema. "Alikuwa akituuzia mahamri. Mpaka leo tukikutana dukani ananiuliza habari za asubuhi, nami namjibu njema. Wataka niombe nini tena zaidi ya hiyo njema?"

Akarudi kwenye nazi zake. Sikumlaumu, wala leo simlaumu.

Ijumaa iliyofuata aliomba kama kawaida yake, na alipofika kwenye bunduki, sauti ikapanda vilevile. Mikono ikaombewa kuvunjika. Tukaitikia. Zamu ikazunguka, ikamfikia mgeni, nikangoja anibinye. Hakunibinya. Mkono wake haukulegea safari hii, ulikaza mpaka pete yangu ikaniuma.

"Mungu," akasema, na wengine wakafumbua macho, maana hatukuwahi kusikia sauti yake katika maombi. "Ile mikono banaomba uvunje, mbili ni ya mutoto yangu. Walimuchukua kwa nguvu. Kama ameua bantu, unajua. Miye sijue. Usivunje. Mufungue tu vidole, bunduki ianguke."

Kisha akanibinya. Zamu ikawa yangu.

Mama wa kwaya aliachia mikono ya majirani zake. "Mnisamehe," akasema, "muuaji siwezi kumwombea," akatoka, na mwingine akamfuata. Waliotoka si watu wabaya. Mmoja ndiye aliyempa mgeni godoro alipofika.

Nilitaka kusema amina. Nikawaona wale wanawake wa kwenye kizuizi. Nikabinya tu, zamu ikapita kwangu bila sauti, ikapita na kwa wengine bila sauti, hadi ikamrudia mzee.

Safari hii sauti yake haikupanda.

"Bwana, umetusikia sote," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

Tukangoja amina yake. Haikutoka. Tulisimama tumeshikana mpaka adhana ya alasiri ikaanza msikitini, ndipo mikono ikaachana mmoja mmoja, bila mtu kuamuru. Maombi yale hayakufungwa. Mpaka leo sijui kama yanahesabika.

Wale wawili sasa husali kwingine. Mzee bado ndiye anayeanza. Akifika pale husema, "Na wale wanaoshika bunduki, Bwana, mama zao unawajua," kisha humeza mate na kuvuka kwenda kwa wagonjwa. Amina zetu hapo hutoka chache, nyingine zimechelewa. Yangu hutoka siku nyingine, siku nyingine hapana.

Habari za mwana wa mgeni hazijaja. Yule jirani wa kambini hapatikani tena kwenye simu. Juzi nilipita kwa mgeni kuchukua gauni jingine, nikamkuta amemsimamisha tena kijana wa bodaboda. Wenzake siku hizi hawamtanii. Kijana ameanza kumshinda mama kwa urefu, futi haifiki vizuri begani. Nikaweka mfuko wangu chini, nikamshikia ncha moja, naye akavuta nyingine mpaka bega la pili, akasoma namba kwa sauti ndogo.

"Ameongezeka," akasema.