Askari wa Mtihani

Juzi pale Kansanga niliona polisi mwenye bunduki anashusha sanduku la mitihani shuleni, nikataka kukimbia kama zamani.

Siku yetu ya mtihani wa darasa la saba, askari kama huyo alisimama mlangoni, ananuka mafuta ya bunduki. Leo najua alikuwa analinda karatasi tu. Siku ile nilijua amekuja kupiga risasi wanaofeli, na dada yangu Furaha, niliyekuwa naye darasa moja, hesabu ilikuwa inamshinda!

"Akikugusa, namng'ata," nilimnong'oneza.

"Nyamaza wewe! Ataanza na wewe."

Tuliandika huku tukimchungulia, hakuna swali tuliloacha. Tulipotoka, askari akamwita Furaha, "Mwanangu, umesahau rula!" Tulikimbia mpaka nyumbani Kisugu bila kugeuka.

Tulifaulu wote wawili, tena vizuri. Rula hatujaifuata mpaka leo.