Bwana Taa na Kitu Kilichoanguka kwa Susu

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo kununua dawa ya viroboto vya mbwa, na kabla sijafika kwenye kaunta nikawa nimerudi Kalamba, kijijini kwetu. Ilikuwa harufu ya dipu, dawa ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe. Kama ulikulia karibu na ng'ombe unaijua: kali, ina lami kidogo na sabuni kidogo, ikikupata puani haitoki mpaka kesho. Mwenye duka ilibidi arudie kuniuliza nataka nini. Nilikuwa nimesimama katikati ya magunia ya chumvi nikitabasamu peke yangu, kwa sababu kwangu mimi hiyo si harufu ya dawa. Ni harufu ya shati la Baba.

Baba alikuwa mtu wa mifugo. Miaka ya sabini serikali ilimpa pikipiki, sanduku la barafu la kubebea chanjo, na eneo kubwa kupita kiasi. Alichanja mbuzi Kalamba, akachanja ng'ombe Mbumbuni, na ugonjwa ukizuka ng'ambo alivuka mto Athi akaenda upande wa Kitui, akakaa huko mpaka nguo zote zikawa na rangi ya vumbi la kule. Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Kazi ya moyo wake ilikuwa nyingine. Baba alichunguza vitu vinavyoonekana angani.

Usicheke bado, tulicheka sana sisi wenyewe. Akiwa kijana, akitembea jioni kutoka Mbumbuni, aliona mwanga wa rangi ya chungwa umekaa juu ya kilima, umetulia, halafu ukaondoka kwa upande, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Hakujua ni nini. Wengine wangesema ni shetani, wakaongeza mwendo. Baba alikaa juu ya jiwe akangoja urudi. Haukurudi, na nadhani maisha yake yote yaliyobaki alikuwa bado anaungoja.

Kwa hiyo kila alipokwenda kuchanja, akishamaliza mbuzi, alimgeukia mwenye boma na kuuliza, "Na huku juu, mmeona kitu?" Watu wakamwita Bwana Taa. Ilianza kama dhihaka, ikageuka kuwa jina tu, hata karani wa chifu alilitumia. Ukiona kitu cha ajabu Makueni yote ile, na nusu ya Kitui, ulimtumia habari Bwana Taa, naye alikuja.

Alikuwa na namna yake. Waliokiona kitu hicho aliwatenganisha, mmoja huku, mwingine kule, wasije wakaazimana macho. Aliwapa kijiti wachore mchangani. Aliwaambia wanyooshe mkono na kukunja ngumi: "Kile kitu kingejificha nyuma ya ngumi yako, ama kingebaki nje?" Aliuliza upepo ulikuwa unatoka wapi, na mbwa walifanya nini. Hakumcheka mtu hata mara moja. Mama mmoja wa Mbumbuni alikuwa akiona sahani ya moto kwenye mteremko kila alasiri, na alikuwa amekonda kwa hofu. Baba alipanda mteremko ule jua kali na kukuta mwenye duka mmoja ameezeka choo chake kwa bati jipya. Alirudi akamweleza yule mama kwa upole kabisa, kama daktari anayeleta majibu mazuri. Yule mama alicheka mpaka akaketi chini.

Mara nyingine hakupata jibu, na hapo alisema, "Sijui." Sijawahi kumsikia mtu mzima akilitamka neno hilo kwa raha kama yeye. Mama yangu alikuwa akimwiga jikoni, kifua mbele, "Sijui!", nasi tukianguka kwa kicheko huku uji ukimwagika.

Sasa nikwambie habari ya kwa Susu.

Susu ni nyanya yangu, mama yake mama, na nyumbani kwake kulikuwa chini ya Mutomo, mbali kidogo na barabara, kwenye nchi kavu ya miti ya miiba. Likizo ya Agosti nilipelekwa huko kukaa na binamu yangu Mwende, binti ya Mjomba Wambua. Mwende alinizidi kimo na ujasiri. Alikuwa na mwanya mkubwa mbele na aliweza kutema mate kupitia hapo akampiga mbuzi sikioni.

Tulikuwa tukichunga siku hiyo, jua liko juu ya kichwa, tuliposikia kitu kama karatasi inayopepea. Tukatazama juu. Kitu chekundu kilikuwa kinashuka, polepole, kinayumba, na chini yake kinaning'inia kitu cheupe. Mbuzi walitawanyika. Mimi nilitaka kuwafuata. Mwende alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea kule kinakoangukia.

Kilinasa kwenye mgunga. Mwende alipanda, akachomwa na miiba, akatukana, akakivuta kikashuka. Kilikuwa kisanduku cheupe, chepesi ajabu, cha kitu ambacho ukikikwaruza kinapukutika kama chumvi. Juu kilikuwa na mwavuli wa karatasi nyekundu na kamba ndefu, na kwenye ncha ya kamba vipande vya mpira uliochanika, laini kama ngozi ya utumbo. Ndani mlikuwa na waya na kitu kidogo chenye unyevu, kinachonuka kama sarafu. Kulikuwa na maandishi ambayo hatukuweza kuyasoma. Mwende alimega kipande cheupe akakitafuna. "Hakina ladha," akasema, akanipa. Nami nikatafuna. Tukakibeba nyumbani kama wawindaji.

Alfajiri Mwende aliamka anatetemeka. Hadi jua linachomoza alikuwa ametapika kila kitu, mwili umewaka, maneno yake hayaeleweki. Na kwa bahati mbaya iliyopitiliza, mbuzi mmoja wa jirani akakutwa amekufa karibu na ule mgunga.

Hapo habari ikatushinda mbio. Kabla ya chai, boma zote zilijua kwamba kitu kimetoka juu na kimeshika watoto wa kwa Wambua. Wengine walisema ni sumu, wengine wakasema ni laana, wengine wakasema ni vyote viwili. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye mchanga wa mto walimwambia shangazi yangu, mama yake Mwende, asiteke pale. Kisanduku kililala katikati ya uwanja palepale tulipokiacha, na hata kuku walizungushwa mbali nacho. Mwende aliwekwa kwenye kibanda cha kuhifadhia nafaka. Mimi, niliyekuwa sina hata homa, niliketishwa nje ya kibanda hicho, na chakula changu kikawekwa chini na kusukumwa kwa fimbo.

Mjomba Wambua alikwenda kumwomba mwenye pikapu ampeleke mtoto hospitali ya misheni. Kulikuwa na pikapu moja tu upande ule. Mtu huyo, Kioko, hakuwa mbaya, alikuwa amekwisha kubeba wajawazito wengi bila kulalamika. Alikuja mpaka kwenye uzio, akasimama.

"Wambua, mimi niko na watoto," akasema. "Ugonjwa wa kawaida ningebeba. Lakini hii maneno ya juu, hapana. Nikipeleka yeye leo, kesho ni nani atapanda gari yangu?"

"Ni mtoto, Kioko."

"Naona ni mtoto. Bwana Taa yuko Mutomo anachanja. Aitwe. Yeye akisema ni sawa, nabeba."

Mtu akatumwa na baiskeli. Sasa, habari iliyomfikia Baba ilikuwa ya nusu tu: Bwana Taa, kitu kimeanguka, njoo uone. Hakuambiwa kimeanguka kwa nani, wala kwamba kuna mgonjwa; aliufuata umati tu. Ndiyo maana alikuja na furaha. Nilisikia pikipiki kwa mbali, nikamwona akiingia uwanjani amevaa miwani yake ya vumbi, kamera inaning'inia shingoni, anatabasamu kama mtu aliyealikwa harusini. Miaka mingi ya kungoja, na hatimaye kitu chenyewe kiko chini, kinashikika.

Akashuka. Akaona ni boma la wakwe zake. Akaona watu wamesimama mbali kwenye uzio. Halafu akaniona mimi, nimeketi mavumbini peke yangu na sahani ya bati mbele yangu na fimbo kando yake.

"Nduku?" akasema.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba tulikibeba. Kwamba tulikitafuna. Kwamba Mwende atakufa na baadaye mimi. Tabasamu lilikuwa bado limebaki mdomoni mwake, limesahauliwa pale, huku uso wote uliobaki umeshabadilika. Alinishika shingo, akatazama macho yangu, akanifungua kinywa kama anavyofanya kwa ndama. Akaingia kibandani kwa Mwende, akakaa humo kidogo, akatoka.

Lazima nieleze kuhusu Susu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume waliheshimiana kwa kukaa mbali. Susu hakuwahi kumtazama Baba usoni. Wakikutana njiani mmoja aliingia porini. Siku hiyo Susu alitoka jikoni, akapita watu wote, akasimama mbele yake na kumtazama machoni.

"Wewe ndiye unajua hii vitu," akamwambia. "Sema basi."

Nilingoja watu watenganishwe na kupewa kijiti. Niliingoja ile ngumi. Baba hakuuliza lolote. Alikiendea kile kisanduku, akakiinua kwa mikono mitupu, akakifungua kwa kisu chake, akakitazama ndani. Hakuchukua muda mrefu. Kisha akakiinua juu ili kila mtu akione.

"Hiki ni chombo cha kupima hewa," akasema kwa sauti kubwa. "Watu wa serikali hukirusha kwa mpira, wajue kama mvua iko. Mpira ukipasuka kinaanguka. Nimeviona vingi. Hakina sumu, hakina chochote. Huyu mtoto ana malaria."

Watu walitazamana. Kioko, kwenye uzio, hakusogea. Ndipo Baba alipoingia tena kibandani, akatoka na kikombe cha maji alichokuwa akinywa Mwende, kilichobaki nusu, chenye matapishi kidogo pembeni. Akakinywa chote, taratibu, akapangusa mdomo kwa mkono uleule ulioshika kisanduku. Halafu akaja kwangu, akachuchumaa, akachukua ugali kwenye sahani yangu, akala.

"Kioko," akasema, kinywa kimejaa, "leta gari."

Kioko akaleta gari. Alikimbia, nakumbuka viatu vyake vikipiga visigino. Watu waliokuwa kwenye uzio sasa waligombania kumbeba Mwende; mmoja akaleta blanketi, mwingine mto. Mama mmoja wa wale wa mtoni alinipakata mapajani mwake njia nzima, akinisugua mgongo kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, na mimi nililia kwa raha mpaka Mutomo.

Hospitalini walimtoboa Mwende kidole, wakarudi na kusema ni malaria, amefika kwa wakati, atapona. Mjomba Wambua, mtu mrefu asiyependa maneno, alimkumbatia yule muuguzi mpaka kofia yake ikadondoka. Kioko akaenda kununua mandazi akagawia watu wote, hata wasiotufahamu. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi ya nje. Nilipompelekea andazi nilikuta amelala, mdomo wazi, kamera bado shingoni. Hakuwa amepiga picha hata moja.

Mwende alitoka hospitali akiwa amekonda na mwenye majivuno. Yule mbuzi wa jirani, Baba alimchunguza akasema aliumwa na nyoka. Na miaka iliyofuata, kama kitu kikianguka tena upande ule, watoto walikigombania kutengeneza vigari, na hakuna aliyewazuia.

Mimi nilikua nikiamini kwamba tuliokolewa na ujuzi wa Baba. Niliwasimulia hivyo watu shuleni, kazini, hata mume wangu kabla hajanioa: baba yangu alikuwa akijua vitu vya angani, akaja, akavitaja, tukapona. Baba hakunipinga wala hakuniunga mkono. Alipofariki ndipo nikaisimulia tena habari hiyo, matangani, tukimenya viazi na Mama. Mama akaacha kumenya.

"Baba yako hakuwa ameona kitu kama kile maishani mwake," akasema.

Nilidhani anatania. Akaniambia kwamba baada ya hospitali Baba alikuja nyumbani Kalamba na kile kisanduku amekifunga kwenye gunia, hakula, na kesho yake akapanda basi kwenda nacho Nairobi, kwa watu wa hali ya hewa. Kijana mmoja pale alikitazama akasema, "Ah, hii ni yetu, mmeitoa wapi?" Baba akaomba kiti. Wakamletea chai, akainywa yote. Alirudi Kalamba akicheka njiani peke yake, akamwinua Mama juu mbele ya majirani, jambo ambalo Mama alilikumbuka kwa aibu mpaka uzeeni.

Nikamwuliza Mama, basi kule uwanjani alisemaje vile? Akasema Baba alikuwa amesikia tu kwamba serikali hurusha vitu vya kupima mvua. Akabahatisha. Alikuwa mtu wa dipu, alijua sumu inavyomfanya mtoto, na alikuwa ameona ule unyevu ndani ya kisanduku na hakujua ni nini. Mtu aliyeishi kwa kusema sijui, siku ile alilimeza neno hilo pamoja na yale maji.

"Nilimgombeza," Mama akasema. "Nikamwambia, na kama ingekuwa sumu? Ungekunywa ufe, uniache na nani? Unajua alinijibu nini?"

Nikasema sijui.

"Akasema, 'Hata ingekuwa sumu, mpaka ije kuniua Mwende angekuwa ameshafika hospitali.'"