Kofia ya Majaribio

Mimi simwamini mtu anayeushika mzigo wangu halafu akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mke wangu husema nimezaliwa hivi, na kwamba hata maziwa ya mama niliyanusa kwanza. Basi mwanangu aliponipigia simu kutoka Toronto kuniambia nikahi yake itakuwa baada ya miezi sita, furaha yangu haikukaa sana. Nilikwisha kuanza kuwaza kofia itafikaje.

Kushona kofia ndiyo kazi yangu. Hukaa barazani na sindano, kitobo baada ya kitobo, na kofia moja ya maana hunila miezi minne. Hapa Amu, Lamu kama waitavyo wengine, mtoto wa mshonaji hawezi kuingia kwenye nikahi yake na kofia ya dukani. Itakuwa aibu yake na yangu. Viza na nauli vilikuwa mbali nasi, kwa hiyo kofia ndiyo ingekwenda badala yangu. "Baba, sitaki kitu kingine," alisema. "Nataka nivae mkono wako."

Kipimo cha kichwa chake nilikuwa nacho, uzi wenye fundo niliouhifadhi ndani ya msahafu tangu alipoondoka. Kofia ilipokwisha niliivisha faruma, kile kigogo cha mviringo cha kuinyooshea, nikatoka kutafuta wa kuisafirisha kwa bei ya mtu kama mimi.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya vifurushi vya haraka. Bwana mmoja mwenye tai alilichukua boksi langu akalipima kwa rula, urefu, upana na kimo. Mizani ilikuwa pale pale, hakuigusa. Nikamuuliza kwa nini hapimi uzito, akasema wao hulipisha nafasi. Kofia ni nyepesi, karibu boksi lote ni hewa, na bwana yule alitaka nimlipe kwa ajili ya hewa. Bei aliyoitaja ingetosha kumwoza mwanangu mke wa pili. Nilichukua boksi langu nikatoka.

Kisha nikapewa namba ya mtu wa Mombasa anayekusanya vifurushi vya watu wengi na kuvituma pamoja ndani ya gunia moja. Bei yake ilikuwa nzuri mno. Nilimuuliza ofisi iko wapi, akanitumia picha ya ndege. Nilimuuliza tena, akanitumia picha ya ndege ileile na maua. Sikumjibu.

Nikaishia posta. Karani alikuwa dada wa bara, mchangamfu, na uchangamfu wake haukunipendeza.

"Mzee, ya bei ya chini kabisa ni pakiti ndogo," alisema. "Hiyo boksi wacha. Ikunje tu iingie kwa bahasha, tuiandikishe, nikupe namba ya kuifuatilia. Wiki tatu hivi itakuwa imefika."

Kuikunja! Kofia ya bwana harusi hutoka kwenye faruma ikaenda kichwani, haipitii kwenye kunjo. Halafu akanipa fomu niandike kilichomo na thamani yake.

"Na hii hubandikwa wapi?"

"Hapo nje, juu ya bahasha."

Yaani niwaandikie wezi wote walioko baina ya hapa na Kanada kwamba humu mna kitu fulani na bei yake ni hii. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili. Alitabasamu, na mimi nikazidi kumshuku.

Nilirudi nyumbani na shauri langu. Nitaitega posta. Nilichukua kofia yangu mwenyewe, ile niliyoswalia miaka na miaka, ukingo wake umekuwa rangi ya chai kwa jasho na mafuta ya nazi, upande mmoja imefumuka. Hata mwizi mwenye njaa angeipita. Niliikunja kama leso, nikaitia kwenye bahasha. Kama ingefika salama, kofia mpya ingefuata njia hiyohiyo. Kwenye fomu niliandika: Kofia kuukuu. Haina thamani.

"Haina hata kidogo?" yule dada aliuliza.

"Hata kidogo."

Akagonga muhuri. Mwanangu sikumwambia kitu, kwa sababu mtego ukisemwa si mtego tena. Mke wangu niliyemwambia alishika kiuno.

"Kijana yuwaoa, nawe wamtumia kofia ya kutupa?"

"Simtumii yeye. Namtumia mwizi."

Siku ya tatu namba ilionyesha imepokewa Nairobi, kisha ikalala hapo. Kila asubuhi nilitazama kwenye simu ya mke wangu, Nairobi. Siku nane, Nairobi. Nilimwonyesha kama mtu aliyeshinda kesi, nikaacha kuitazama tena.

Wakati huohuo jirani yangu, mtu ninayesimama naye safu moja msikitini, alikuwa akijiandaa kwenda Kanada kumtazama binti yake. Hapo moyo wangu ukatulia. Kwetu mzigo wa maana haupewi ofisi, hupewa mtu. Nilimpelekea kofia mpya ndani ya boksi lake.

"Nti ni moya, si ndio?" nilimuuliza, yaani kwa binti yake na kwa mwanangu ni nchi moja.

"Nti ni moya. Nikifika nimefika."

Sisi ni watu wa visiwani. Kwetu mtu akiwa Amu yuko Amu, ukimtaka utampata kabla ya adhana ya pili. Sikuuliza zaidi. Nilimwapisha kwamba boksi lile halitapita mkono mwingine ila wake na wa mwanangu, nikavuka naye mpaka Manda, nikasimama kwenye uwanja wa ndege hadi nilipomwona anapanda ndege amelikumbatia.

Alinipigia simu siku sita kabla ya nikahi. Alikuwa Vankuva. Binti yake alimweleza kwamba kutoka pale hadi Toronto ni karibu saa tano kwa ndege.

"Binti yangu asema ataitia posta ya huku, itawasili kwa siku nne," alisema. "Lakini uliniapisha, Bwana. Sema wewe."

Neno lilikuwa moja tu, ndiyo. Nikasema niache nifikiri. Nilimfikiria karani wa kule nisiyemjua, fomu ya nje, mikono ya watu. Nilifikiri siku tatu nzima. Nilipompigia kumwambia aitume, binti yake akasema haitawahi tena. Nilikaa barazani nikaona uchungu hasa. Mwanangu ataozwa na kofia ya kuazima, na aliyemnyima ni mimi. Kumpigia simu niliogopa.

Ijumaa ya nikahi picha iliingia. Mwanangu amekaa mbele ya shehe, kanzu nyeupe, na kichwani kofia yenye ukingo wa rangi ya chai. Upande uliofumuka mtu ameushona kwa uzi usiofanana. Chini ya picha palikuwa na sauti yake.

"Baba, ilifika Jumanne. Nilipoona umeandika haina thamani, nilicheka mpaka basi. Nikajua tu, baba amewapiga chenga wezi. Mimi nilitaka mkono wako, wewe umenipa ile unayoswalia. Sikujua kama ungeweza kuiachia. Nimelia mbele za watu, Baba."

Mke wangu aliniangalia. "Utamwambia?"

Sikumwambia. Nilimwandikia: Itunze. Nimejiona mwongo tangu siku hiyo, mimi niliyemkagua usoni kila karani. Yule dada wa posta nikipita humwamkia kwanza.

Jirani alirudi mwezi uliofuata, akanikabidhi boksi langu likiwa limefungwa vilevile. Amana yake aliilinda barabara, hakuna wa kumlaumu. Lakini kofia ile siwezi kuituma tena. Mwanangu akiiona mpya, atauliza ile ya kwanza ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo huivaa mimi, kila Ijumaa. Niliishona kwa kipimo cha kichwa chake, na kwangu yanibana.