Kusimama Mbele ya Mageti

Nisamehe mwandiko huu kabla hujaanza kuusoma. Herufi zangu zinalala upande, na kuna maneno ambayo nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia, si jinsi mwalimu angeyataka. Shule niliiacha baada ya darasa la nane. Tangu hapo mkono wangu umezoea mashine ya kuchomelea vyuma, ambayo ni nzito na ina joto, na kalamu naiona nyepesi mno, inateleza. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia jioni nzima. Lakini kuongea kunanishinda zaidi, kwa hiyo afadhali hivi.

Mimi ni fundi wa mageti hapa Eldoret. Nafanya kazi katika banda la jua kali, haya mabanda ya mafundi wadogo, kando ya barabara ya kwenda Kimumu. Mwenye banda alihamia huku kutoka upande wa kati wa nchi akiwa kijana, na watu wote humwita Mzee, hata wale waliomzidi umri. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuja kwake baada ya nyanya yangu aliyenilea kufariki, na hapa mjini sikuwa na mtu mwingine. Mzee hakuniuliza mengi. Alinipa miwani nyeusi na vipande vya chuma kibovu nijifunzie. Niliipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukishavaa ile miwani hakuna mtu anayekuongelesha.

Habari ya viza niliipata kwa dada wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti. Nilikuwa nimeenda kutoa kopi ya cheti changu cha mtihani wa ufundi, naye akakisoma kabla ya kunirudishia.

"Kumbe wewe ni welda?"

"Ndiyo."

"Na unanyamaza hivyo? Kuna nchi inatafuta watu kama wewe, na wewe umejificha hapo nyuma ya karatasi."

Akanionyesha kwenye kompyuta. Australia inatoa viza kwa mafundi wanaokubali kwenda kuishi nje ya miji mikubwa, kwenye vimiji vya mashambani ambako watu ni wachache na kazi ni nyingi. Unakaa huko miaka kadhaa, kisha unaweza kuomba kubaki nchini humo moja kwa moja.

"Lakini si jijini, usijidanganye," alisema. "Ni mashinani kabisa. Unaweza kutembea kutoka asubuhi mpaka jioni na usalimiwe na ng'ombe peke yake. Utaweza?"

Nilimwambia nitaweza. Sikumwambia kwamba Jumapili huwa natoka chumbani kwangu Kimumu, natembea mtaa mzima na kurudi, na mtu pekee anayenisemesha ni mwenye kioski anayeuliza, "Mkate?" Nilifikiri, kama upweke ndio bei yake, hiyo nimeshaizoea. Huko angalau ningekuwa na sababu ya kuwa peke yangu.

Kulikuwa na mtihani wa Kiingereza mbele, na bado naogopa kuuandika hapa. Lakini kwanza kabisa walitaka ushahidi kwamba mimi ni fundi kweli: barua ya mwenye banda, picha za kazi nilizofanya, na wateja wachache wa kuthibitisha. Bila hivyo maombi hayasongi hata hatua. Kuhusu picha sikuwa na wasiwasi. Kila geti nililomaliza nililipiga picha kwa simu kabla halijatoka bandani. Nikampelekea dada simu yangu.

Alizipitia kwa muda mrefu, akisukuma kwa kidole.

"Haya ni mageti," alisema. "Mazuri. Hili hapa lina jua, na hili lina maua. Sasa wewe uko wapi?"

"Mimi ndiye nilikuwa napiga picha."

"Wanataka kukuona wewe ukiwa kazini, na wewe ukiwa na kazi yako. Hapa naona hata kivuli chako umekikwepesha."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikingoja jua lizunguke ili kivuli changu kisianguke kwenye rangi.

Ingekuwa rahisi kumwomba Mzee anisaidie, lakini hapo ndipo palikuwa na ugumu. Katika mabanda yetu kazi hutoka kwa jina la mwenye banda. Mteja akija, anaongea na Mzee. Mzee anapima na kukubaliana naye, kisha ananichorea chini kwa kipande cha chuma, nami nakata na kuchomelea. Siku ya kwenda kuweka geti, Mzee ndiye anayeshika timazi na kuongea na mwenye nyumba. Mimi nachimba shimo na kukoroga simiti. Chai ikiletwa, inaletewa yeye. Sisemi kwamba ni dhuluma. Mabanda yote yanaenda hivyo, na Mzee naye alipitia hivyohivyo kwa mtu mwingine zamani. Na mimi nilifurahia, kwa sababu anayepewa sifa lazima ajibu kitu, na mimi sikujua mtu hujibu nini.

Sikuweza kumwambia Mzee kwamba nataka kuondoka. Nikaona heri nianze na wenye mageti, kimyakimya.

Jumapili moja nilienda kwa mama mmoja hapo Kimumu, ambaye geti lake lina jua linalochomoza juu ya mlima. Miale ya lile jua niliikunja mmoja mmoja. Nilimkuta ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa cha kina mama wa kanisa lake.

"Mama, naomba kupigwa picha na geti lako," nilisema.

"Na geti langu? Kwani limefanya nini?"

"Mimi ndiye nililitengeneza."

Alinitazama, kisha akacheka, si kwa ubaya. "Wewe kijana. Hii geti ilitengenezwa na Mzee. Wewe nakukumbuka. Wewe ndiye ulikuwa unakoroga simiti, ukamwaga ingine kwa kitunguu changu."

Nilimwambia pole ya kitunguu. Nikaaga, na nikiwa njiani maneno yote ambayo ningemwambia yakaanza kuja, yamejipanga vizuri.

Nikapita Kiplombe kujaribu nyumba nyingine. Huko kuna soja wa mchana, mlinzi wa geti. Aliniona nimeinua simu akatoka mbio na rungu.

"Unapiga picha kufuli?"

"Hapana. Geti."

"Kufuli iko kwa nini, kwa ukuta? Toa hiyo picha nikiona."

"Ni mimi nililitengeneza hili geti."

"Sawa. Na mimi nilitengeneza hii barabara. Toa picha."

Nikaifuta mbele yake. Nilirudi kwa miguu kupitia mashamba ya mahindi, nikafika chumbani, nikakaa kitandani bila kuwasha jiko. Katika mji huu kuna milango mingi sana ya chuma ambayo watu huifunga jioni na kuifungua asubuhi, na mikono yangu imepita kwenye kila kona yake, na hakuna hata mmoja ambao ningesimama mbele yake nikaaminiwa.

Jumatatu Mzee hakunisalimu. Alifanya kazi upande wake, mimi upande wangu. Saa ya chai akakaa juu ya tairi kuukuu, akakoroga kikombe chake mpaka nikajua sukari iliyeyuka kitambo.

"Mama wa Kimumu amenipigia simu," alisema. "Ati kijana wangu ameanza kudai mageti ya watu."

Nilitazama viatu vyangu.

"Unataka kufungua banda lako? Sema tu. Usiende kuniibia wateja Jumapili watu wakitoka kuomba."

"Si banda, Mzee."

"Ni nini basi?"

Nikamwambia yote. Viza, vimiji vya mashambani, picha. Nilimwambia nikiangalia mashine, si yeye, na sauti yangu ilikuwa ndogo hata ikabidi ampungie mkono fundi jirani azime grainda lake la kusagia vyuma. Nilipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa.

"Ile geti ya jua," akasema Mzee. "Nani aliitengeneza?"

"Ni mimi."

"Hata ile michoro?"

"Mzee ulichora mlima. Jua niliongeza mimi."

"Na mama aliposema ni yangu, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia pole ya kitunguu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwaga ile chai chini. "Lete simu yako," alisema.

Tulienda kwa miguu mpaka kwa mama wa Kimumu, Mzee mbele. Alibisha geti kwa pete yake, na yule mama alipofungua, Mzee hakungoja salamu ziishe.

"Mama, hii geti ni kazi ya huyu. Mimi nilipima na nikakunywa chai. Hiyo ingine yote ni yeye."

Mama akamtazama Mzee, akanitazama mimi, akapitisha kidole kwenye mwale mmoja wa lile jua. "Na mbona hakusema?"

"Huyu?" Mzee akasema. "Huyu akiungua moto atasubiri ule moto umuulize."

Mzee ndiye aliyeshika simu. Aliniambia nisimame katikati, kisha nisogee nisizibe jua, kisha niinue uso. "Inua. Hao wazungu watafikiri umetengeneza viatu." Mama akakubali jina na namba yake viwekwe kwenye karatasi zangu. Baadaye akaleta chai, na akanipa kikombe mimi kwanza. Nilikipokea kwa mikono miwili, na chai ilikuwa moto sana lakini niliinywa hivyohivyo kwa kuwa sikujua pa kukiweka.

Tulizunguka kwa wengine katika siku zilizofuata, Kiplombe tena, ambako soja aliniomba msamaha na kutaka naye aonekane kwenye picha, na mpaka kambi moja ya wakimbiaji kule Kaptagat. Mzee aliandika barua mwenyewe, kwa kalamu, akasema jinsi nilivyoanza na vyuma vibovu. Dada wa saiba aliichapa. Na baada ya kungoja, jibu la kwanza likaja: ufundi wangu umekubaliwa. Viza yenyewe bado. Kuna ule mtihani, na baada ya hapo nitangoja tena.

Nilidhani furaha ingekuwa kubwa zaidi. Sasa mteja akija bandani Mzee anamwambia, "Ongea na huyo, yeye ndiye fundi." Watu wa Kimumu wameanza kunisalimu njiani. Jana mtoto fulani aliniita fundi wa jua. Lakini Mzee mwenyewe amebadilika. Hanigombezi tena. Nikikata chuma vibaya ananiambia hakuna neno. Ananipisha kwenye kivuli, ananiuliza kama nimekula, ananiongelesha taratibu kama mtu anavyomwongelesha mgeni ambaye mizigo yake iko mlangoni. Nakumbuka aliponitupia nyundo na kuniita kichwa cha boga, na natamani anitupie tena.

Dada alinitafutia kwenye kompyuta picha ya sehemu za huko Australia. Kulikuwa na barabara ya vumbi jekundu, ua wa waya, na geti la mabomba matupu, bila maua wala jua. Nyuma yake nyasi tu, mpaka mwisho wa picha. Nyumba haikuonekana. Niliitazama sana nikijiuliza mtu anayefika hapo anabisha vipi, na nani anasikia.

Kama wewe unayesoma umewahi kuishi mahali kama hapo, huko au kwingine, ningependa uniandikie. Niambie jioni watu wa huko hufanya nini, na kama fundi akimaliza geti, mwenye shamba hutoka kumtazama. Andika hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu. Nitausoma polepole, na nitakujibu.